Yaya Aliyebaki na Majeruhi

Siku waasi walipoingia Kisangani nilikuwa nimekaa kwenye cherehani ya marehemu baba, nashona upindo wa kanzu ambayo mwenyewe hakuja kuichukua tena. Risasi zilianza kusikika upande wa kambi ya jeshi, mojamoja kwanza, halafu nyingi kwa pamoja kama mvua inayoanza juu ya mabati. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Alisema tu, "Yaya yako iko kazini leo," na mikono yake ikaendelea kurusha ungo uliokwisha kuwa mtupu. Mchele wote ulikuwa chini miguuni pake na hakuuona.

Yaya ndivyo kwetu tunavyomwita ndugu aliyetutangulia kuzaliwa, awe mwanamume au mwanamke. Wangu alikuwa mwanamume, tena mwuguzi wa jeshi. Alivaa sare kama askari wengine, ila begani hakubeba bunduki. Alibeba mkoba wa turubai wenye msalaba mwekundu, na ndani yake bendeji, mikasi, sindano, na chupa ya dawa ya kuoshea vidonda iliyonukisha nyumba nzima kila alipokuja kula kwetu. Kazi hiyo aliianza wakati wa Wabelgiji, akimshikia beseni daktari mzungu wa kambi na kumchemshia sindano. Uhuru ulipokuja na askari wakawageuka maofisa wao, yule daktari aliondoka asubuhi moja na mke wake na mbwa wao, akamwachia yaya funguo za zahanati.

"Bon, sasa miye ndiye docteur," yaya alituambia, akacheka.

Mama hakukipenda kicheko kile. Tangu siku hiyo, askari akipigwa risasi, mke wa askari akishikwa na uchungu, mtoto wa kambini akimeza sarafu, aliitwa yeye. Mtaani wakaanza kumwita munganga.

Alikuwa mtu mwoga, na sisemi hivyo kumvunjia heshima. Tulipokuwa wadogo, siku ya Idi mbuzi akifungwa kamba, yeye alikuwa keshaingia chini ya kitanda na vidole masikioni. Nilipojikata kiganja kwa mkasi wa baba, akawa anakishona, niliona jinsi sindano ilivyokuwa inamtetemeka mkononi. Uso wake ulikuwa umelowa jasho kuliko wangu. Ilipogusa ngozi tu, mkono ukatulia.

Siku ile ya risasi aliingia mchana kwa kupenya ua wa nyuma, buti mkononi, soksi zimejaa matope. Mama alimshika mashavu, akamgeuza huku na huku kama anayekagua embe sokoni.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekimbia, mama. Mukubwa wetu alipanda gari ya kwanza."

"Na weye? Sababu gani hukupanda?"

"Nilikuwa na wagonjwa wawili. Nilipomaliza kuwafunga, nikatoka inje, hakuna gari hata moja." Alikaa chini. "Mumoja amekufa. Yule mwengine nimemupeleka kwa wavuvi, kule kwenye maporomoko. Taya yake imevunjika. Hawezi hata kusema jina lake."

Mama alimvua sare mwenyewe, kama anamvua mtoto mchanga, akaitia jikoni chini ya chungu. Nguo iliungua upesi. Vifungo nilivichokoa kwenye majivu, nikavitupa chooni. Buti ndizo zilizokataa. Ngozi yake ilijikunja, ikatoa moshi mzito mweusi uliotambaa juu ya ua hadi kwa jirani, na harufu yake mtu yeyote aliyepita barabarani angeijua.

Tukasikia sauti ya mama jirani upande wa pili. "Eh, mama! Munapika nini leo?"

"Ngozi ya mbuzi," mama alijibu.

Yaya alikuwa amesimama na shati la baba ambalo halikumtosha, mdomo wazi. Mimi nilikuwa nimeshika koleo na sikuweza kuiweka chini.

"Tia pilipili kwenye moto," alisema jirani hatimaye, kwa sauti ya chini. "Inafunika harufu."

Alitusaidia, na hilo silisahau. Lakini kuanzia hapo tulimwogopa kuliko mtu yeyote. Alikuwa anajua. Kila alipokohoa, tulinyamaza. Kila mlango wake ulipolia, mama aliweka mkono kifuani. Wiki nzima na zaidi tuliishi hivyo, yaya amekaa nyuma ya pazia la chumba cha kushonea, na mimi nazungusha cherehani hata pasipo kitambaa, ili atakayepita asisikie watu wawili wakipumua.

Nje, waasi waliwasaka askari, makarani, walimu, mtu yeyote aliyewahi kuonekana na tai shingoni. Wengi wao walikuwa vijana wadogo kuliko mimi. Walifunga majani na ngozi za wanyama kichwani, na kabla ya vita walinyunyiziwa maji ambayo waliambiwa yatageuza risasi kuwa maji. Walikuwa na masharti mengi: wasiguswe na mwanamke, wasitazame nyuma, wasile chakula fulani. Aliyejeruhiwa walisema amevunja sharti, na wengine walimwacha alipoanguka.

Mmoja wao walimwacha mbele ya nyumba yetu. Alikuwa amepigwa pajani. Alimlilia mama yake kwa Kilingala, kwa sauti ile ile, bila kupumzika, jua likiwa katikati ya anga. Nilichungulia nikaona damu inatafuta njia kwenye vumbi. Nikarudi kwenye cherehani, nikazungusha kwa nguvu. Bado sauti ilipita.

Pazia likafunguka. Yaya alikuwa na mkoba mkononi.

"Hapana," mama alisema. Alikwenda kusimama mlangoni na mikono ameitandaza. "Ule ni mwenye kukutafuta. Akipona, atakuja kukuua."

"Mama, anakufa kwa jambo dogo. Ni kufunga tu."

"Na weye utakufa kwa jambo gani?"

Yaya aliutundika mkoba begani. Alimshika mama mabega, akamsogeza pembeni taratibu, akatoka kwenye jua. Nilimwona akipiga magoti, akifunga paja la yule kijana juu ya jeraha kwa ukanda wa suruali, akizungusha kijiti hadi damu ikasimama. Nilifikiri: amalize, arudi ndani, hakuna aliyeona. Ndipo gari lilipokata kona.

Mkubwa wao alishuka. Alivaa kofia ya ngozi ya chui, na saa kwenye mikono yote miwili. Alimtazama kijana, akautazama mkoba. Yaya alikuwa ameugeuza ili msalaba uangalie chini.

"Weye ni nani?"

"Munganga."

"Munganga ya wapi?"

Sijui nilifikaje nje. Nilijikuta mlangoni nasema kwa nguvu, "Ya masista! Anazalisha wanawake kwa masista, kwenye maternité!" Yule mkubwa alipiga hatua moja nyuma, kwa kuwa mimi ni mwanamke na nilikuwa nimemkaribia. Labda hilo ndilo lililotuokoa siku ile. Hakutaka kubaki tena mbele ya mlango wetu. Alimwamuru yaya apande gari pamoja na majeruhi.

Mama alikaa kizingitini mpaka adhuhuri ikawa alasiri. Tulijua wamemchukua kumwua. Lakini walimchukua kufanya kazi. Walikuwa wamegeuza shule moja kuwa hospitali, madawati yakawa vitanda, na hapakuwa na mtu aliyejua kushona kidonda. Walimkataza kutoka ndani ya ua wa shule. Chakula kilikuwa juu yetu, nami ndiye niliyekipeleka.

Njia ile bado naipita ndotoni. Palikuwa na vizuizi vya magogo, na kila kizuizi kilikuwa na vijana waliokuwa wamevuta bangi, macho mekundu. Walinipigia kelele niweke sufuria chini na kusimama mbali. Halafu mmoja alikuja na kijiti, akafunua kifuniko, akachokoa lituma ya ndizi za kupondwa na sombe ya majani ya muhogo kama anatafuta nyoka. Siku moja kijiti hicho kilikuwa na damu iliyokauka. Yaya alikula chakula kile chote. Sikumwambia.

Alikuwa amekonda. Alikula amesimama, akitazama dirishani. Siku hiyo nilimwona kwenye darasa la mwisho mgonjwa aliyefungwa bendeji kichwa kizima, yamebaki macho na tundu la pua. Yaya aliona ninamtazama, akaniinamia kama anayechukua sufuria.

"Ni yule wa taya," alininong'oneza. "Hawa watu walianza kupekua nyumba kule kwa wavuvi. Nikasema kuna muasi amejeruhiwa, wakaenda kumubeba wao wenyewe."

Askari wa serikali, amelala katikati ya waasi, na aliyemweka hapo ni kaka yangu.

"Wakijua?"

"Wakijua, donc tumekwisha. Rudi nyumbani."

Sikupata nafasi ya kuondoka. Yule mkubwa mwenye saa mikono yote miwili aliingia, na wenzake nyuma yake. Nilijibandika ukutani na sufuria yangu. Alipita kati ya madawati, akisalimia watu wake kwa majina, hadi akafika kwa yule wa bendeji.

"Huyu ni nani?"

"Hawezi kusema, chef. Taya imevunjika," yaya alijibu.

"Toa kitambaa. Nataka kuona uso."

Mgonjwa hakutikisika. Vidole vyake tu ndivyo vilivyokuwa vinakwaruza ubao wa dawati. Yaya alifuta mikono yake kwenye shati, polepole, akachukua beseni.

"Sawa, chef. Miye nitafungua, weye utanishikia hii. Kuna usaha mingi, inaruka." Akasimama na beseni mbele ya kifua cha yule mtu. "Lakini masharti yenu munayajua ninyi. Damu chafu ya mutu mwengine ikikugusa, dawa yako ya risasi itabaki na nguvu? Miye sijui mambo ile. Nauliza tu."

Yule mkubwa alilitazama beseni. Nilisikia saa zake zote mbili, au nilidhani nazisikia. Akatema mate sakafuni. "Mufunge muzuri," alisema, akatoka. Wenzake wakamfuata wakiwa wamekunja mikono kifuani.

Yaya aliketi kwenye sakafu na beseni mapajani, akaanza kucheka, na kicheko kile kikageuka kilio kisicho na sauti. Mimi nilikuwa nimejikojolea. Aliona, akavua shati lake akanipa nijifunge kiunoni ili nipite kwenye vizuizi bila aibu.

Ndege zilikuja asubuhi, baada ya miezi ambayo tulikwisha kuzoea kulala na nguo za kutokea. Ngurumo ilitingisha vikombe kabatini. Nilitoka uani nikaona miavuli myeupe inateremka upande wa kiwanja cha ndege, mingi, kimya, mizuri kutazama kama si kwamba ilibeba askari Wabelgiji wenye bunduki. Baadaye malori ya jeshi letu yakaingia pia kwa barabara. Mama aliniburuta chini ya kitanda. Risasi zilipita juu ya paa, moja ikatoboa bati, mwanga ukaingia kama uzi.

"Hawa ni wa kwao yaya," nilimwambia mama. "Ni jeshi yake. Amepona."

Mama alinifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa anajua ambalo mimi sikutaka kulijua: kwamba wanaoingia mji kwa risasi hawaulizi kwanza. Kufikia adhuhuri tulisikia mtaani watu wakiambiana wajifunge vitambaa vyeupe kichwani ili wasidhaniwe waasi. Mama alichana shuka. Tulijifunga, tukarudi chini ya kitanda.

Alasiri mlango uligongwa. Si kwa kitako cha bunduki, kwa vidole. Mama alifungua. Alisimama mwanamume ndani ya koti la jeshi, uso umepinda upande mmoja, bendeji chafu inaning'inia shingoni. Nilijua macho yale.

"Mama," alisema kwa tabu, kila neno likimuumiza. "Miye ni mugonjwa ya munganga."

Mama alimtazama, akauliza jambo moja tu. "Anapumua?"

Yule askari aliinamisha kichwa.

Alitusimulia akiwa amesimama, kwa maneno mafupi, na mengine ilibidi arudie. Waasi walikuwa wamekimbia shule tangu ndege ya kwanza, wakawaacha majeruhi wao. Yaya angeweza kutoka. Ua haukuwa na mlinzi. Alibaki. Askari walipofika na kuona madarasa yamejaa waasi waliolala, waliinua bunduki. Yaya alisimama mlangoni, akataja namba yake ya jeshi na kikosi chake. Walimcheka. Wakamwambia, askari gani huyu anayewaponya waasi? Hapo yule wa bendeji alijirarua kitambaa usoni, akatoka na taya lake lililopinda, na mmoja wa askari akamtambua, kwani walikuwa wa kikosi kimoja. Bunduki zikashuka. Sajini akachukua koti la jeshi kwenye lori, akamrushia yaya. "Vaa, wasikupige kwa makosa."

Yaya akalivaa. Yule askari alisema alilifunga vifungo vyote hadi shingoni, na alikuwa anatabasamu.

Ilikuwa bado hawajaondoka pale aliposikika mwanamke akilia barabarani. Alipigwa risasi mguuni akikimbia na mzigo. Yaya alichukua mkoba wake, akatoka mbio. Alimfunga yule mwanamke. Alikuwa anainuka risasi ilipotoka katika nyumba ya ng'ambo ya barabara. Waliomwona kwa mbali waliona koti la askari tu.

"Nani alipiga?" niliuliza.

"Sijui. Wote walikuwa wanapiga."

"Na mwanamuke?"

"Watu wake wamemubeba. Iko muzima."

Tulikwenda na vitambaa vyetu vyeupe, mama mbele, mimi nimeshika nguo yake kwa nyuma kama mtoto. Mama jirani alitoka kwake tulipopita, akajifunga kipande cha khanga nyeupe, na mume wake akamfuata, ingawa mwanamume kutoka nje saa ile ilikuwa kuomba kifo. Yaya alikuwa amelazwa kwenye veranda ya shule, amefunikwa gunia. Milango ya madarasa ilikuwa wazi, na ndani hapakusikika sauti yoyote, wala kikohozi. Askari walikuwa wamekwenda mitaa mingine. Sikuchungulia. Nilimwona yule wa taya akiufunga mlango mmoja baada ya mwingine, na uso wake ulinitosha kujua kwamba hakuna majeruhi aliyeachwa hai.

Tulimbeba juu ya benchi la wanafunzi. Njia ya makaburini ilikuwa imefungwa, hivyo tulimzika ndani ya lupango, yaani uwanja wetu wenyewe, baada ya mume wa jirani na mzee mmoja wa msikitini kumwosha. Sanda ilikuwa bafta aliyokuwa ameiweka baba kwa kanzu za Idi. Niliikata mimi. Mama alilikunja lile koti, akampa yule askari. Risasi bado zilikuwa zinalia upande wa mto wakati dua ikisomwa, na sote tulisema amina kwa kunong'ona.

Matanga yetu yalikuwa ya kimya. Watu wa jeshi walikuja kuuliza kwa nini aliwatibu waasi. Baada yao wakaja kina mama ambao watoto wao walikuwa wamekwenda na waasi msituni, wakasimama mbele ya ua wetu wakisema kumbe alikuwa askari, aliwadanganya. Pande zote mbili zilikuwa na neno la kutuuliza, na hatukuwa na mahali pa kumlilia kwa sauti. Mama alinikataza kusema nje kwamba nilikuwa na kaka. Yule wa taya alipelekwa na kikosi chake upande wa Isangi, na sikupata tena habari zake. Mama mwenyewe alikufa miaka kadhaa baadaye, bado akishtuka kila ndege ilipopita.

Mimi nilibaki na cherehani na woga. Niliolewa, nikazaa, nikashona sare za shule za nusu ya mtaa, na bado mtu aliponitazama sana usoni, nilivuta khanga nikajifunika.

Siku moja nilikuwa navuka kwenda ng'ambo ya kushoto ya mto kwa mtumbwi, na vitambaa vyangu mapajani. Mpiga kasia alikuwa mtu mzima, na alinikazia macho toka tulipoacha ukingo. Niligeuza uso kwenye maji. Hakuacha.

"Mama, samahani. Hauko dada ya yule munganga wa ile shule?"

Jibu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni: hapana, umenifananisha. Katikati ya mto, na mkondo unavuta, huyu angeweza kuwa mtu wa upande wowote. Alikunja mkono wa shati, akanionyesha mkono wa kushoto uliounga kwa kupinda kidogo chini ya kiwiko.

"Yeye ndiye alinyosha hii. Nilimutukana matusi yote ninayojua. Alipomaliza akanipa ndizi ya kuchoma, akasema, haya, sasa tukana na mudomo umejaa."

Sikumuuliza alikuwa askari au mwasi. Nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili.

"Ndiyo," nilisema. "Ni yaya wangu."

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kupiga kasia. Nikaanza kumsimulia, kwa sauti, mbele ya abiria wengine, jinsi alivyokuwa anajificha chini ya kitanda siku ya Idi.